Gari Moja, Bei Mbili

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha za programu. Au tuseme nitaandika kuhusu programu, lakini ile inayokaa ndani ya tarakilishi za kampuni ya bima na kutoa nambari ambayo hakuna mtu ofisini anayetaka kuieleza. Kama una gari na unalilipia bima kubwa, ile inayogharamia hata gari lako mwenyewe, soma hadi mwisho. Kama huna gari soma vilevile, maana siku moja utaambiwa "mfumo umekataa" benki au hospitalini, na dawa ni ile ile.

Hoja yangu ni fupi. Kampuni ya bima isiruhusiwe kukutajia kiasi cha fidia bila kukuonyesha hesabu iliyozaa kiasi hicho, mstari kwa mstari. Na wewe usitie sahihi kabla hujaiona.

Kisa chenyewe ni hiki. Fielder yangu ilikuwa imeegeshwa nje ya lango la ploti ninakoishi hapa Nairobi, imefungwa, hakuna mtu ndani. Usiku lori likirudi nyuma likaigonga ubavuni, likaenda zake. Bawabu alisikia kishindo lakini hakufanikiwa kusoma nambari za usajili. Asubuhi nikapiga picha, nikaenda kituo cha polisi kuchukua abstrakti, nikajaza fomu ya madai siku hiyo hiyo. Gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni yenyewe ikakadiria shilingi 186,000: spea 120,000, kunyoosha bodi na kupiga rangi 66,000. Kampuni ikamtuma mkadiriaji wake. Wiki tatu baadaye nikapokea ujumbe kwenye simu: fidia yako ni shilingi 75,800, fika ofisini utie sahihi.

Basi. Hakuna maelezo, hakuna jedwali. Nilipofika dirishani nikauliza 75,800 imetoka wapi. "Bosi, mfumo ndio umetoa hiyo," dada wa watu akanijibu, tena kwa upole. Yeye simlaumu, naye ameajiriwa tu. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika mifumo, na nataka kusema jambo hili kwa herufi kubwa: MFUMO HAUSEMI CHOCHOTE. Mfumo hurudia alichoambiwa na mtu. Kuna binadamu aliyeandika "punguza asilimia hii", na kuna binadamu mwingine aliyeidhinisha. Mimi huandika programu za ankara. Mteja wangu akiuliza kwa nini anadaiwa elfu sabini nikamjibu "mfumo umetoa", nitafukuzwa jioni hiyo hiyo, na itakuwa haki.

Tena hawa watu wanajua kuonyesha hesabu wakitaka. Tazama stakabadhi ya siku niliyolipa. Thamani ya gari 780,000. Bima asilimia 4, shilingi 31,200. Ushuru wa mafunzo asilimia 0.2, shilingi 62 na senti 40. Mchango wa mfuko wa kufidia wenye bima asilimia 0.25, shilingi 78. Ushuru wa stempu, shilingi 40. Jumla 31,380 na senti 40. Senti, ndugu msomaji! Wakati wa kuchukua wanahesabu hadi senti, wakati wa kutoa wanakutumia ujumbe wa mstari mmoja.

Niliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyonipatia ripoti ya mkadiriaji, na hatimaye hesabu nikaiona. Ilikwenda hivi:

1. Spea 120,000, ondoa uchakavu asilimia 35: zinabaki 78,000.
2. Kazi na rangi 66,000, zikakatwa hadi 48,000. Jumla sasa ni 126,000.
3. Gari lina "bima pungufu": bei ya soko ni 975,000 lakini limekatiwa bima ya 780,000. Kwa hiyo 126,000 mara 780 gawanya kwa 975: zinabaki 100,800.
4. Ondoa 25,000, sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe, wanayoiita ekses: 75,800.

Mstari wa nne sina neno nao. Umo kwenye mkataba, nambari yake imeandikwa. Lakini soma tena wa kwanza na wa tatu, uvisome pamoja. Katika mstari wa kwanza gari langu ni kuukuu, limechakaa hata mlango wake haustahili bei ya mlango. Katika mstari wa tatu gari hilo hilo ni la thamani kubwa sana kuliko nilivyosema. Kuukuu likipunguza malipo, ghali likipunguza malipo. Ningekuta mantiki ya namna hii kwenye programu ya mwanafunzi ningemrudishia kazi yake. Kwenye kampuni ya bima naambiwa ndio utaratibu.

Kanuni ya bima pungufu yenyewe si mbaya. Nyumba ya milioni 10 ukiikatia bima ya milioni 5, umelipia nusu, utafidiwa nusu ya hasara. Ni haki. Ila thamani ya 780,000 sikuitoa kichwani. Mwezi wa Januari kampuni ilinipeleka kwa mthamini wake, akalifungua boneti, akalitazama chini, akaandika 780,000, nami nikalipa bima juu ya nambari yao. Wao ndio waliopima, sasa wao ndio wanaoniadhibu kwa kipimo.

Kuhusu uchakavu, wana jibu, na nitalitaja kwa haki. Wanasema bima ni ya kukurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, si ya kukutajirisha. Ukiwekewa kitu kipya badala ya kizee, umepata faida. Kwa tairi au betri nakubali, vitu hivyo huisha kwa kutumika na ungevinunua tu siku moja. Lakini mlango? Mlango wa Fielder hauishi kama tairi. Nikiwekewa mlango mpya gari langu halipandi bei hata shilingi mia, maana mnunuzi yeyote akiona limepigwa rangi upande mmoja huuliza liligongwa lini. Na kama wanataka mlango uliotumika, wapo wauzaji Kirinyaga Road, waende wakaununue wenyewe kwa bei wanayoidai, waufunge. Kukata asilimia 35 kwenye karatasi kisha kuniachia mimi kazi ya kuutafuta si kunirudisha nilipokuwa.

Mstari wa pili nao ni wa kushangaza. Gereji ni ya kwao. Kama inatoza kupita kiasi, wazozane nayo. Mimi nimeingiaje?

Jibu lao la mwisho huwa udanganyifu: Wakenya wengi hudai fidia za uongo. Wapo, sikatai. Lakini mwongo hukamatwa kwa kuchunguzwa, na mkadiriaji alikuja, akalitazama gari, akaandika kwamba lilikuwa limeegeshwa na kwamba hasara ni ya kweli. Baada ya hapo kunikata ni kunitoza faini kwa kosa la mtu mwingine.

Wengine wameniambia nimtafute mwenye lori. Hata akipatikana, bima ambayo sheria yetu ya Cap 405 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya vifo na majeraha ya watu, si ya milango. Ndiyo sababu watu hulipia bima kubwa.

Kwa nini nisichukue hizo 75,800 niendelee na maisha? Kwa sababu fomu ninayotakiwa kutia sahihi inasema nimekubali malipo kamili na ya mwisho. Ukitia sahihi, umefunga mlango kwa mkono wako. Stahili yangu kwa hesabu yangu ni 186,000 toa 25,000, yaani 161,000. Pengo ni 85,200, na gereji haitengenezi gari nusu. Mkopo wa Sacco ulionunua gari hilo unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, gari lipo au halipo. Na kila baada ya wiki mbili mama anakwenda kliniki Thika kwa matatu mbili, na goti lake halitaki ngazi. Kampuni zinajua watu wana haraka ya namna hii. Haraka hiyo ndiyo mtaji wao.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba ripoti ya mkadiriaji kwa maandishi, na uweke nakala. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma anayoilipia, kwa hiyo huombi msaada. Jibu kila mstari peke yake, kwa nambari, bila matusi. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ukiwa bado umekwama, soma mkataba kama una kipengele cha usuluhishi. Kama hakipo, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huhitaji wakili.

Na kwa mamlaka yenyewe, ombi langu ni dogo. Amuru kila fidia itolewe pamoja na mistari yake: makadirio, kila punguzo na kipengele cha mkataba kinacholiruhusu, ekses, jumla. Asiniambie mtu ni kazi kubwa. Nambari zote tayari zimo kwenye mfumo, la sivyo ile 75,800 isingetoka. Ni kazi ya siku mbili, na kama wamekosa mtu wa kuifanya, mimi nipo.

Barua ya nne nimeipeleka Jumatatu. Sijatia sahihi.