Iniesta: Shujaa aliyegonga mlango wa wazazi usiku

Mpenzi msomaji, hata kama wewe si mraibu wa kabumbu, huenda unaukumbuka usiku wa Jumapili, Julai 11, 2010. Ndio usiku ambao fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, kule Johannesburg. Zikiwa zimesalia dakika nne tu muda wa ziada umalizike, kijana mmoja mfupi, mweupe kama karatasi, alifuma bao la pekee la mechi hiyo na kuipa Uhispania kombe ambalo haikuwa imewahi kulishika. Jina lake ni Andrés Iniesta.

Bao hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba miezi michache kabla ya usiku huo, kijana huyo huyo alikuwa hawezi kulala peke yake. Na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, kwa sababu yanahusu kila nyumba yenye mtoto wa kiume, mume au baba aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, hujikaza kisabuni.

Iniesta alizaliwa Mei 11, 1984 katika kijiji cha Fuentealbilla, mkoa wa Albacete. Ni kijiji cha watu wapatao elfu mbili hivi, ambako watu hulima mizabibu na kila mtu anamjua mwenzake. Baba yake, José Antonio, alikuwa mwashi. Mama yake, María, alifanya kazi katika baa ya familia. Haikuwa familia ya kitajiri, lakini mtoto alipoonekana kuwa na kipawa cha kuusakata mpira, hawakukipuuza. Angali mdogo alichukuliwa na timu ya watoto ya klabu ya Albacete, na watu wa nyumbani wakawa wanampeleka na kumrudisha kwa gari, kilomita zaidi ya arobaini kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 12, alicheza katika mashindano ya watoto huko Brunete, karibu na Madrid. Wajumbe wa klabu ya Barcelona walimwona, wakamtaka. Wazazi walisita, na mtoto mwenyewe alisita. Barcelona iko takriban kilomita 500 kutoka kijijini kwao. Lakini mwishowe, Septemba mwaka huo, familia ilifunga safari ikaenda kumkabidhi mtoto kwa wageni.

Wewe uliyewahi kumpeleka mtoto wa shule ya msingi bwenini unaijua siku hiyo. Unalijua lile sanduku jipya, zile shuka zenye jina, na ile hatua ya kugeuka na kuliendea lango bila kutazama nyuma kwa sababu ukitazama utarudi. Mahali alipoachwa Iniesta paliitwa La Masia, jumba la kale la mawe lililojengwa mwaka 1702 kando ya mahali ambapo baadaye ulijengwa uwanja wa Camp Nou. Klabu ilikuwa imeligeuza kuwa makao ya vijana wake waliotoka mbali. Iniesta mwenyewe amesimulia kwamba alilia mto mzima wa machozi. Baba naye, aliyekuwa angali mjini humo, alishindwa kustahimili, akataka kurudi kumchukua waende zao nyumbani. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto apewe nafasi ya kujaribu, kwani wakimchukua hawatajua kamwe kama angeweza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hapa uchungu huo ulikuwa na pande mbili, na zote zilikuwa za mapenzi.

Mtoto alibaki. Alikuwa mpole, msemaji mchache, mwenye haya. Uwanjani, hata hivyo, mpira ulimsemea. Mwaka 1999 alikuwa nahodha wa timu ya Barcelona ya vijana wasiozidi miaka 15 iliyotwaa kombe la Nike, naye ndiye aliyefunga bao la ushindi katika fainali. Aliyemkabidhi kombe hilo alikuwa Pep Guardiola, kiungo wa timu kubwa wakati huo. Inasimuliwa kwamba Guardiola alimwambia Xavi, kiungo chipukizi, kwamba yeye Xavi angemstaafisha Guardiola, lakini kale katoto kangewastaafisha wote wawili.

Oktoba 29, 2002, akiwa na miaka 18, Iniesta aliingia kwenye timu kubwa dhidi ya Club Brugge ya Ubelgiji, chini ya kocha Louis van Gaal. Hakupata nafasi ya kudumu papo hapo. Kwa miaka kadhaa alikuwa mtu wa kuingia mechi ikiwa imeendelea, leo kushoto, kesho katikati, kesho kutwa pembeni kabisa. Hata fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya mwaka 2006 dhidi ya Arsenal, ambayo Barcelona ilishinda, yeye aliianza akiwa kwenye benchi. Hakununa. Alisubiri.

Na alikuwa mchezaji wa aina gani? Hakuwa na mbio za swara wala misuli ya mbeba magunia. Urefu wake ni kama sentimita 171. Silaha yake ilikuwa kuujua mpira. Akizingirwa na watu watatu, aliusogeza gozi kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, mara moja tu, haraka kama kupepesa jicho, na wale watatu wakabaki wakikaba hewa. Kisha angetoa pasi fupi, rahisi, ambayo mtazamaji hujiuliza mbona wengine hawakuiona.

Basi tukifika mwaka 2009, Iniesta ana kila kitu. Mei 6 mwaka huo, katika nusu fainali dhidi ya Chelsea jijini London, Barcelona ilikuwa nyuma bao moja na nje ya mashindano hadi dakika ya 93. Hapo ndipo alipopiga kombora kutoka nje ya kisanduku, likatinga wavuni, mechi ikaisha 1-1 na Barcelona ikavuka kwa bao la ugenini. Mei 27 waliilaza Manchester United 2-0 mjini Roma. Ligi walishinda, Kombe la Mfalme walishinda, Ulaya walishinda. Ana miaka 25, ana pesa, ana jina, ana wazazi hai. Unataka nini tena duniani?

Ajabu ni kwamba hapo ndipo giza lilipoingia. Katika fainali ya Roma alicheza akiwa na jeraha la paja, na jeraha hilo likawa halitaki kupona. Furaha ya ushindi ilianza kumponyoka bila yeye kujua sababu. Kisha, Agosti 8, 2009, zikaja habari kutoka Florence, Italia. Dani Jarque, nahodha wa Espanyol mwenye umri wa miaka 26, alikuwa ameaga dunia kwa shambulio la moyo akiwa hotelini na timu yake. Espanyol ni mahasimu wa jadi wa Barcelona katika mji huo huo mmoja, lakini Jarque na Iniesta walikuwa marafiki tangu walipochezea pamoja timu za vijana za Uhispania.

Kifo hicho kilimwangusha Iniesta kabisa. Amesema mara nyingi hadharani kwamba alijihisi kama mtu anayeporomoka shimoni asione mwisho wake. Chakula, mpira na watu vyote vilipoteza ladha. Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Usiku mmoja, mwanamume huyo wa miaka 25, bingwa wa Ulaya kwa klabu na kwa taifa, aliteremka hadi chumba cha wazazi wake na kuwaambia kwamba hajisikii vizuri, anaomba kulala nao.

Hebu tusimame hapo kidogo, msomaji. Ingekuwa ni nyumbani kwako, ungemjibu nini? Wapo wazazi ambao wangecheka wakidhani ni mzaha. Wapo ambao wangemuuliza, "Wewe una nini, na una kila kitu?" Wapo ambao wangemwambia aende akalale, mwanamume mzima asiwe kama mtoto. Wazazi wa Iniesta walimpisha kitandani. Baba amesimulia baadaye kwamba palepale alitambua hali ni mbaya, maana mtoto wa umri ule haji usiku wa manane kuomba kitanda cha wazazi ila amefika ukingoni.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Iniesta hakuyaficha. Alienda kwa mwanasaikolojia, Inma Puig, akaketi mbele yake na kuyasema yaliyomo moyoni. Alitumia dawa alizopewa. Kocha wake wakati huo alikuwa Guardiola yule yule aliyemkabidhi kombe utotoni, naye alimruhusu aondoke mazoezini wakati wowote akizidiwa, pasi na kuulizwa maswali. Hapana aliyempigia kelele za "jikaze". Hapana aliyemhesabia siku.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Aprili 2010 aliumia tena paja, ikawa haijulikani kama angekwenda Afrika Kusini. Alikwenda. Uhispania ikaanza vibaya kwa kulazwa 1-0 na Uswisi mjini Durban, naye akatoka akichechemea na kuikosa mechi iliyofuata. Alirudi dhidi ya Chile na kufunga. Kisha Ureno, Paraguay na Ujerumani zikang'olewa, kila moja kwa 1-0.

Fainali dhidi ya Uholanzi ilikuwa ya mateke kuliko kabumbu. Refa Howard Webb alitoa kadi kama anayegawa karanga. Kipa Iker Casillas aliokoa jahazi Arjen Robben alipobaki naye ana kwa ana. Dakika tisini zikaisha sare tasa. Katika dakika ya 116, mpira uliotiwa na Fernando Torres uliondolewa vibaya na mlinzi, ukamwangukia Cesc Fàbregas, naye akamsukumia Iniesta upande wa kulia. Mpira ukadunda mara moja, akausubiri ushuke, kisha akaupiga. Kipa Stekelenburg aliugusa kidogo, lakini haukukamatika.

Iniesta alikimbia hadi pembeni huku akivua jezi. Chini yake palikuwa na fulana nyeupe iliyoandikwa kwa mkono maneno ya Kihispania ambayo maana yake ni, "Dani Jarque, daima pamoja nasi." Alijua atalimwa kadi ya manjano, na akalimwa. Katika dakika ambayo dunia nzima ilikuwa ikimtazama yeye, alichagua kuwaonyesha jina la mtu mwingine.

Desemba 18 mwaka huo, Barcelona ilikwenda nyumbani kwa Espanyol na kuwacharaza 5-1. Mashabiki wa timu iliyokuwa ikifedheheshwa mbele ya macho yao walisimama na kumpigia makofi mchezaji wa adui. Sababu ni ile fulana.

Yaliyofuata unaweza kuyasoma popote. Aliiongoza Uhispania kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 2012, akateuliwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Alichezea Barcelona mechi 674, akashinda ligi mara tisa na Klabu Bingwa Ulaya mara nne. Alichezea taifa lake mara 131. Mwaka 2018 aliondoka Barcelona huku akilia hadharani, akacheza miaka mitano katika klabu ya Vissel Kobe nchini Japani, kisha msimu mmoja katika Falme za Kiarabu, na Oktoba 8, 2024 akatangaza kustaafu. Nambari ya jezi yake ilikuwa nane, ndiyo maana akachagua tarehe hiyo. Wala hakuisahau klabu ya utotoni. Albacete ilipokuwa hatarini kushushwa daraja mwaka 2013 kwa kushindwa kuwalipa wachezaji wake, yeye ndiye aliyetoa fedha za kuwalipa.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi kwamba bao lilimponya. Watu hupenda hadithi ya namna hiyo, ya mgonjwa anayefunga bao na huzuni ikayeyuka. Mambo yalikuwa kinyume. Alikuwa ameanza kutibiwa kabla ya bao, na ndiyo maana miguu yake iliweza kufika Johannesburg. Angejifungia chumbani mwake ule usiku, akauma meno na kunyamaza, huenda leo tungekuwa tunamzungumzia kama kijana aliyekuwa na kipawa kisha akapotea, asijue mtu kilichompata.

Kwa hivyo, mtazame vizuri kijana wako aliyeanza kukaa kimya mezani. Mtazame mume ambaye siku hizi hacheki, na hali kazi anayo na watoto wana afya. Usimwonyeshe orodha ya alivyo navyo, maana orodha hiyo anaijua kuliko wewe, na inamzidishia aibu. Mketishe, msikilize, na ikibidi mpeleke kwa mtaalamu kama ambavyo ungempeleka akivunjika mguu. Na wewe mwanamume unayesoma ukurasa huu baada ya kumaliza kurasa za michezo, ikiwa usiku umekuwa mrefu, gonga mlango wa mtu unayemwamini. Mfungaji wa bao kubwa kuliko yote katika historia ya Uhispania aliugonga mlango wa mama yake.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.