WAKILI HABEBI KESI PEKE YAKE



Kila tunapokutana na wanachama wetu hapa Kigali, wawe wa viwandani huko Masoro au wachuma chai waliokuja mjini kufuata madai yao, huzuka swali lile lile: "Je, chama kitatuletea wakili mkubwa?" Ndugu zetu huuliza kana kwamba wakili ni mganga, ukishampata basi ugonjwa umekwisha. Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa kutazama kazi ya mwanasheria mmoja wa Kanada ambaye jina lake limeingia katika historia ya nchi hii, Bibi Louise Arbour. Hatuandiki ili kumpamba. Tunaandika kwa sababu ndani ya kazi yake limo somo ambalo mfanyakazi anaweza kulitumia Jumatatu asubuhi.

Bibi Arbour alizaliwa Montreal mwaka 1947, akapokewa katika chama cha mawakili cha Quebec mwaka 1971. Tangu 1974 hadi 1987 alifundisha sheria katika chuo cha Osgoode Hall, Toronto. Mwaka 1987 akawa jaji wa mahakama kuu ya Ontario, na mwaka 1990 akapanda Mahakama ya Rufani. Mwaka 1995 alipewa kazi ya kuchunguza gereza la wanawake la Kingston, ambako wafungwa walikuwa wamevuliwa nguo na kikosi cha askari wanaume. Ripoti yake ya 1996 ilisema wazi kwamba sheria ilikuwa haiheshimiwi ndani ya gereza la serikali yenyewe.

Oktoba 1996 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi mashtaka ya mahakama mbili kwa pamoja, ya iliyokuwa Yugoslavia na ya Rwanda. Hii ya Rwanda iliundwa kwa azimio namba 955 la Baraza la Usalama, tarehe 8 Novemba 1994. Majaji walikaa Arusha, mwendesha mashtaka mwenyewe alikaa The Hague, na naibu wake pamoja na wapelelezi walikuwa hapa Kigali. Fikirini wenyewe: kiwanda ambacho meneja yuko bara jingine, stoo iko nchi ya jirani, na mashine ziko hapa. Kazi itakwendaje? Februari 1997 wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti kali kuhusu uendeshaji mbovu, na msajili wa Arusha pamoja na naibu mwendesha mashtaka wa Kigali wakaondoka.

Hata hivyo kazi ilianza kuonekana. Tarehe 18 Julai 1997 watu saba walikamatwa Nairobi kwa siku moja, akiwemo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyoongoza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Tarehe 1 Mei 1998 Kambanda alikiri makosa yake, na Septemba ya mwaka huo akahukumiwa kifungo cha maisha.

Lakini somo letu haliko kwa Kambanda. Liko Taba.

Taba ilikuwa komini ya Gitarama, na leo imo katika wilaya ya Kamonyi, si mbali na Kigali. Mkuu wake mwaka 1994 alikuwa Jean-Paul Akayesu, mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Alikamatwa Zambia Oktoba 1995, na kesi yake ikaanza Arusha tarehe 9 Januari 1997. Wakati huo hati ya mashtaka ilitaja mauaji na mateso, lakini haikuwa na shtaka hata moja kuhusu wanawake waliobakwa. Wanasheria waliosoma vyuo vikubwa vya dunia walikuwa wameiandika hati hiyo, na jambo hilo halikuwamo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa Taba, ambaye jina lake lilifichwa kwa usalama wake likawa herufi tu. Katika kueleza jinsi jamaa zake walivyouawa, akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji, mmoja wao akiwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakamwuliza zaidi. Shahidi mwingine akaja akaeleza yale aliyoyaona kwenye ofisi ya komini. Vyama vya wanawake vikaiandikia mahakama vikidai jambo hilo litazamwe. Juni 1997 ofisi ya Bibi Arbour ikaomba kuibadili hati, na mashtaka mapya yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi, na mara ya kwanza kutamka kwamba kubaka kunaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo.

Tusieleweke vibaya. Hatuyafananishi maumivu yale na mshahara uliocheleweshwa. Hayana mfano, na wengi wanaosoma ukurasa huu waliyapitia wenyewe. Tunazungumza juu ya namna kesi inavyojengwa. Wakili aliijua sheria, lakini ukweli ulikuwa Taba, vifuani mwa watu wa kijijini. Wasingesema, hata mwanasheria hodari kuliko wote asingekuwa na la kufanya. Na sifa za ofisi ile, kwa maoni yetu, si kwamba ilijua kila kitu. Ni kwamba ilipoambiwa, ilisikia, ikakubali kuirekebisha karatasi yake yenyewe. Viongozi wangapi wa vyama vyetu hukubali hivyo?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini pia mkubwa asifiwe kwa kipimo. Wapo waliomlaumu Bibi Arbour, hasa kwa kusimamisha uchunguzi juu ya ndege iliyoangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Yeye alijibu kwamba jambo hilo lilikuwa nje ya mamlaka ya mahakama. Wapo walioilaumu mahakama yenyewe kwa kuwa mbali na wananchi na kwa kwenda polepole. Ilifungwa mwisho wa mwaka 2015 baada ya kuwashtaki watu 93. Gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilipitia kesi karibu milioni mbili, tena bila mawakili. Nazo zilikuwa na kasoro zake. Lakini zilionyesha kwamba watu wa kawaida, wakiketi pamoja na kusema waliyoyaona, wanaweza kubeba mzigo ambao mawakili wote wa nchi wasingeweza kuubeba.

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu sisi wa viwandani na mashambani moja kwa moja. Mwaka 1999 Bibi Arbour aliacha mashtaka akawa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Kanada, akakaa hapo hadi 2004. Mbele ya mahakama hiyo ilifika kesi ya wafanyakazi wa mashamba wa Ontario. Mwaka 1994 sheria ya jimbo hilo iliwaruhusu kwa mara ya kwanza kuunda chama na kujadiliana na mwajiri, na wafanyakazi wapatao 200 wa uyoga huko Leamington wakajiunga. Mwaka uliofuata serikali mpya ikaifuta sheria hiyo. Chama chao hakikunyamaza. Kilikwenda mahakama ya kwanza kikashindwa, rufani kikashindwa, kikasonga mbele. Tarehe 20 Desemba 2001 majaji wanane kati ya tisa, Bibi Arbour akiwa miongoni mwao, waliamua kwamba kumwacha mfanyakazi wa shamba nje ya ulinzi wa sheria ni kuvunja uhuru wake wa kujiunga na wenzake.

Je, ushindi ule ulimaliza kazi? Hapana. Mwaka 2002 jimbo lilitunga sheria nyingine iliyowapa haki ya kuungana, lakini si ile nguvu kamili ya kujadiliana waliyokuwa nayo 1994, na mwaka 2011 mahakama ile ile iliiacha sheria hiyo isimame. Basi hata katika nchi tajiri, yenye majaji wa sifa, hukumu ni mlango tu. Kuingia ndani ni kazi ya wafanyakazi wenyewe, kila siku.

Tutazame sasa hali yetu. Ndugu mmoja, fundi wa mashine wa miaka kumi na moja katika kiwanda ambacho hatutakitaja, alifukuzwa kwa neno la mdomo. Alifika kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya mikono mitupu. Hakuwa na mkataba, wala karatasi moja ya mshahara. Mwajiri alikuja na faili nene. Wenzake wanne walioshuhudia walikataa kuja, kila mmoja akitoa udhuru wake. Tulimtafutia mwanasheria. Mwanasheria alimwuliza, "Una nini mkononi?" Hakuwa na kitu. Kesi ilifia pale.

Wachuma chai kumi na wanane walikuja mwaka huo huo. Walidai kilo zao zilikuwa zikipunguzwa kwenye mizani. Hawakuwa na wakili. Walikuwa na madaftari ya shule, na kila jioni kila mmoja aliandika tarehe na kilo zake, asiyejua kuandika akiandikiwa na mwenzake. Madaftari kumi na manane yalipolinganishwa, yalisema neno moja. Walilipwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wachuma chai wale walikuwa na daftari, na mali yao haikupotea.

Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 iliweka njia. Mgogoro huanza kwa wawakilishi wa wafanyakazi pale pale kazini, ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi, na mahakama ni hatua ya mwisho. Sheria hiyo hiyo ilisema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Maana yake, sehemu kubwa ya kesi huamuliwa kabla wakili hajavaa joho lake. Huamuliwa na mwakilishi mliyemchagua, na karatasi mliyoitunza au mliyoitupa.

Hivyo basi tunatoa rai zetu. Kwanza, kila mwanachama aweke daftari: siku alizofanya kazi, kilo au vipande, fedha alizopokea, na jina la msimamizi wa siku hiyo. Pili, mwenzako akidhulumiwa mbele ya macho yako, wewe ni shahidi, upende usipende. Ukinyamaza, unamtetea mwajiri bila kulipwa. Tatu, na hili tunawaambia viongozi wetu bila kuwaogopa: ada za wanachama zisiishie kwenye nauli na chai za mikutano. Kila tawi lipate mtu mmoja aliyefundishwa kuandika malalamiko na kuongoza mashahidi, na iwepo akiba ya kuwalipia nauli wanaokwenda kutoa ushahidi. Kibarua hashindwi na ukweli, hushindwa na nauli na njaa ya siku ile.

Tukifanya hayo, wakili tutamtafuta, tena mzuri, na atakuja akute kazi imeanza. Tusipoyafanya, hata tukimleta Bibi Arbour mwenyewe kutoka Montreal, atatuuliza swali lile lile aliloulizwa fundi wetu: "Mna nini mkononi?"

Ndugu zetu, tuwe na la kujibu.