Kupanga Nyumba kwa Mfano wa Kondo
Kipindi cha Tidying Up with Marie Kondo, kilichoanza kuonyeshwa na Netflix Januari 2019, ni miongoni mwa vipindi vya mageuzi, yaani vile ambavyo mtaalamu humsaidia mtu kubadili mwonekano au makazi yake mbele ya kamera. Kondo, Mjapani, huanza na nguo, ambazo zote hurundikwa kitandani ili mwenyewe aone wingi wake, kisha hufuata vitabu, karatasi, vikorokoro na, mwisho kabisa, vitu vya kumbukumbu, kwa kuwa hivyo ndivyo vigumu zaidi kuachana navyo. Linalostahili kuigwa hasa ni ukunjaji wa fulana hadi isimame wima ndani ya droo, kila moja ikionekana bila kufukua nyingine. Na kwa kuwa boksi tupu la viatu, ambalo yeye mwenyewe hulipendekeza, latosha kabisa kutenganishia vitu, mwenye kipato kidogo hana sababu ya kukimbilia madukani.