Marekani hakuna sheria moja

 Ndugu zangu huko nyumbani, tangu msikie kuwa bangi imeruhusiwa hapa jimboni kwetu Ohio kwa kura ya Novemba 2023, utani haukauki. Utani sina shida nao. Kinachonisumbua ni kauli moja ninayoisikia hata kwa vijana wanaojiandaa kuja kusoma: "Marekani bangi ruksa." Kauli hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki inaweza kumrudisha mtu nyumbani bila kupenda.

Kwanza tuelewane: hakuna "sheria ya Marekani" kwa maana tuliyoizoea sisi Wabara. Ndugu zangu wa Zanzibar mtanielewa upesi, maana nanyi mna sheria yenu ya adhabu, Mahakama Kuu yenu na Mkurugenzi wa Mashtaka wenu, ingawa polisi ni wa Muungano. Sasa zidisha hali hiyo mara 50. Kila jimbo lina bunge linalotunga makosa na adhabu zake, lina mahakama zake na magereza yake. Hata polisi hawana IGP mmoja. Vyombo vya polisi nchi nzima ni kama 18,000, na sehemu nyingi sherifu na mwendesha mashtaka wa kaunti wanapigiwa kura kama madiwani. Juu ya yote hayo ipo serikali kuu ya Washington, nayo ina makosa yake, mahakama zake na magereza yake.

Ndiyo maana mkisikia Rais ametoa msamaha, ulizeni kwanza: kosa la nani? Oktoba 2022 Rais Biden aliwasamehe waliotiwa hatiani kwa kukutwa na bangi ya kutumia. Wengi walishangilia. Lakini msamaha ule ulihusu sheria ya serikali kuu na ya jiji la Washington tu. Aliyehukumiwa na jimbo hakuguswa, kwa sababu mlango wake ni wa gavana au bodi ya jimbo lake.

Hata kifo kina mipaka. Jirani zetu wa Michigan walifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji mwaka 1846. Sisi Ohio bado tunayo vitabuni, ingawa mara ya mwisho kutekelezwa ilikuwa Julai 2018. Texas wameshaua wafungwa zaidi ya 590 tangu mwaka 1982. Na kuna kesi ya Marvin Gabrion, aliyemuua binti mmoja huko huko Michigan mwaka 1997. Mwili ulikutwa ndani ya msitu wa serikali kuu, kama mita 70 tu kutoka mpakani. Kwa mita hizo 70 kesi ikawa ya Washington, na mwaka 2002 akahukumiwa kifo katika jimbo lisilo na adhabu hiyo. Hukumu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha Desemba 2024, na aliyeibadilisha ni Rais, si gavana.

Sasa maoni yangu. Wapo wanaosema mfumo huu ni vurugu tupu, afadhali kila kitu kiwe chini ya Washington. Mimi sikubali. Sisi tuliotoka kwenye nchi ambako polisi wote wanasikiliza amri moja tunajua ubaya wake pale anayetoa amri anapoamua kukukomoa. Tena milango miwili humsaidia mnyonge. Polisi waliompiga Rodney King kule Los Angeles mwaka 1991 walishinda kesi yao ya jimbo mwaka 1992, mji ukawaka moto. Serikali kuu ikawashtaki upya, na mwaka 1993 wawili kati ya wanne wakatiwa hatiani.

Lakini panga hili linakata kuwili. Mahakama Kuu ya nchi ilisema mwaka 2019, katika kesi ya Gamble, kwamba mtu aliyekwisha kuadhibiwa na Alabama kwa kumiliki bunduki anaweza kuadhibiwa tena na Washington kwa bunduki ileile, kwa kuwa hizo ni serikali mbili. Hapo ndipo ninapogoma. Mlango wa pili uwe wa yule aliyenyimwa haki kwenye mlango wa kwanza. Usiwe wa kumwadhibu mara mbili mtu ambaye ameshalipa.

Na anayeumia zaidi ni mgeni, kwa sababu uhamiaji ni mali ya Washington peke yake. Kwenye sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 bangi ni dawa inayodhibitiwa, hata kama duka la kuiuza liko mtaani kwako na lina leseni ya jimbo. Mwenye viza akikiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba aliwahi kuvuta, anaweza kukataliwa kuingia. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa uhamiaji unasema kwamba hata kufanya kazi kwenye biashara hiyo kunaweza kumkwamisha mwenye grinikadi anayeomba uraia. Jirani yangu Mmarekani akivuta kibarazani hapotezi kitu. Mtoto wa shangazi akivuta pamoja naye anaweza kupoteza nchi. Akisafiri nayo kwa gari hadi Indiana, mwendo wa saa chache tu, huko ni kosa la jimbo pia.

Kwa hiyo wazazi, kijana akipata chuo huku msimuulize ada tu. Muulizeni anakwenda jimbo gani, na mwambieni kwamba akiwa na viza yuko chini ya sheria mbili kila siku, na ile kali ndiyo ya kufuata. Jimbo linaweza kumruhusu bangi, lakini haliwezi kumpa viza nyingine.