Kwao ni Wapi?

Desemba 1994, wakimbizi wa ndani wa Maela, waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993, walipakiwa malorini usiku na kumwagwa Mkoa wa Kati, eti wamerudishwa kwao. Baada ya uchaguzi wa 2007 wengine wakaja Nyeri, na neno lile lile likawapokea.

Manung'uniko ya wenyeji twayaelewa: robo eka haitoshi ndugu watano, sembuse mgeni. Lakini tumwambiapo aliyefurushwa kuwa "amerudi nyumbani", hata kwa upendo, twamfanyia kazi aliyemfurusha; shamba lake la Bonde la Ufa na kura yake ya huko vyafutika pamoja. Ndugu Wakristo, mbali na blanketi na unga, kila parokia na iandikishe madai ya ardhi ya wageni wake.