Aliyezimia Apatiwe Jibu

Mtu anapoanguka na kupoteza fahamu katika kijiji chochote cha wilaya ya Rungwe, iwe shambani kwenye chai, iwe sokoni Tukuyu, iwe kanisani, majirani hawakawii kufika. Humpepea, humlegeza nguo, humwagia maji, na akizinduka humpa maziwa na kumsindikiza hadi nyumbani. Huo ni wema unaostahili kusifiwa. Lakini aghalabu wema huo huishia hapo. Baada ya juma moja tukio zima hubaki neno moja tu, "alizimia", nalo hutajwa kana kwamba limeeleza jambo. Ukweli ni kwamba limetaja kilichoonekana tu. Chanzo chake bado hakijaulizwa.

Kuzimia ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi. Mtu aweza kuzimia kwa kuwa amesimama muda mrefu, au ameona damu, au amepatwa na maumivu makali. Presha ikashuka ghafla na ubongo ukakosa damu kwa kitambo kidogo. Aweza kuzimia kwa kuwa mapigo ya moyo wake yamevurugika. Aweza kuwa na kifafa, upungufu wa damu, malaria kali, au sukari iliyoshuka kwa sababu alitumia dawa ya kisukari akakosa chakula. Mwanamke mwenye mimba changa akizimia huku tumbo likimwuma, yamkini mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na damu inavuja ndani. Huyo huenda akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Vyanzo hivi havifanani, na tiba zake hazibadilishani. Mwenye ugonjwa wa moyo akidhaniwa kuwa ana kifafa, aweza kufa vidonge vya kifafa vikiwa mfukoni mwake.

Wazee wa Rungwe hawakuwa watu wa kuridhika na msiba usio na maelezo. Wataalamu wa elimu ya jamii, Godfrey na Monica Wilson, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 Monica Wilson alieleza imani kwamba mtu anayevunja mwenendo mwema hupatwa na maradhi kutokana na "pumzi ya watu", yaani hasira ya majirani zake. Alieleza pia imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba chatu huyo huonekana maiti ikipasuliwa. Ni rahisi leo kuicheka habari ya chatu. Hata hivyo, ndani yake mlikuwamo jambo la heshima: kwamba ushahidi hutafutwa katika mwili wenyewe, mbele ya watu. Kasoro ya uchunguzi ule ni kwamba ulimkuta mtu amekwisha kufa, na wachunguzi walikwisha jua wanachokitafuta. Elimu ya leo yaweza kumchunguza mtu angali hai, na yataka mchunguzi awe tayari kupokea jibu lolote litakalopatikana.

Uchunguzi huo hauanzi na mashine. Unaanza na maelezo, na hapa ndipo kijiji kinapokuwa na kazi kubwa kuliko kinavyodhani. Aliyezimia mwenyewe hana la kusimulia, kwa maana fahamu zilimtoka. Shahidi ni yule aliyekuwapo. Je, mtu huyu alikuwa amesimama, ameketi au amelala? Alikuwa akipandisha mlima na mzigo kichwani, au alikuwa amepumzika? Alitangulia kusema kwamba macho yanaona giza, au alianguka ghafla kama gogo? Alipauka na kutoka jasho, au alikakamaa, akatetemeka mwili mzima na kubadilika rangi midomo? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Alizinduka mara moja akamtambua mwenziwe, au alikaa nusu saa hajui aliko? Je, katika ukoo wake yuko kijana aliyewahi kufa ghafla?

Maswali hayo hayagharimu hata senti moja, nayo humwonyesha tabibu njia kuliko vipimo vingi vya fedha nyingi. Aliyepauka na kuzinduka upesi baada ya kusimama kwa muda mrefu yaelekea presha ilishuka, hata kama viungo vilicheza kidogo. Aliyetetemeka kwa dakika moja au mbili, akauma ulimi kando, kisha akapotewa na akili kwa muda mrefu, yaelekea ana kifafa. Aliyeanguka bila onyo lolote akiwa katikati ya kazi ngumu, moyo wake lazima upimwe bila kukawia. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba mgonjwa hupelekwa zahanati na ndugu ambaye hakuona kitu, huku aliyeona yote amebaki shambani akiendelea kulima.

Mazingira ya Rungwe nayo yana mambo yake. Milima ile ina baridi na mvua nyingi, na usiku wa baridi kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango na madirisha. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala rangi; watu hulala, na asubuhi hukutwa wamezimia au wamekufa. Mahali kama hapo wakizimia watu wawili nyumba moja usiku mmoja, kitu cha kwanza kutazamwa ni jiko. Wakulima nao hunyunyizia mazao dawa za kuua wadudu, na baadhi ya dawa hizo humwangusha mtu anayezivuta au kuzipata mwilini bila kinga. Tabibu asiyeambiwa kwamba mgonjwa alishinda akinyunyizia dawa atawezaje kulijua hilo?

Halafu kuna habari ya nguruwe. Nyanda za juu za kusini zinafuga nguruwe kwa wingi, na uchunguzi uliofanywa wilayani Mbozi ulikuta nguruwe wenye vifuko vya tegu. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai katika kinyesi; na mtu mwingine, hata yule asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote, akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, mboga au maji, vifuko vyaweza kuota ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo choo kilichochimbwa vizuri na nguruwe aliyefungiwa bandani ni kinga ya ubongo wa jirani. Wilaya hiyo ya mito iendayo kasi ina pia ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika maji hayo. Watafiti wameona uhusiano kati ya usubi na kifafa cha watoto katika maeneo yaliyoshambuliwa vikali, yakiwamo ya Mahenge mkoani Morogoro. Mwananchi anayekwepa dawa ya usubi inayogawiwa vijijini na ajue anachokikwepa.

Mahenge yenyewe ina fundisho jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa waliotengwa na wenye makovu ya moto, kwa sababu watu waliamini kwamba kifafa huambukiza na waliogopa kumgusa anayeanguka. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1912, na wengi walipata nafuu. Lakini mwaka 1992 yeye na Daktari Rwiza walichapisha habari za wagonjwa 164 baada ya miaka 30: kiasi cha theluthi mbili walikuwa wamekwisha kufa, na vingi vya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe, kama vile kuzama majini, kuungua, au vifafa kufululiza bila kukoma. Kutambua ugonjwa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni dawa isiyokatika na mgonjwa asiyesahauliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini kiasi cha robo tatu hawapati tiba wanayoihitaji. Pengo hilo haliletwi na ugumu wa sayansi. Linaletwa na umbali, umaskini, aibu, na zahanati isiyokuwa na dawa siku mgonjwa anapofika.

Lakini liko jambo jingine linalowapoteza wengi, nalo halina budi kusemwa wazi. Mgonjwa hupelekwa hospitali ya wilaya Makandana, au husafiri kilometa zipatazo 70 hadi hospitali ya rufaa Mbeya, akapimwa damu na moyo, akaambiwa kwamba hakuna kilichoonekana. Jamaa hurudi na kauli moja: "Huu si ugonjwa wa hospitali." Kuanzia hapo mbuzi huuzwa, shamba huwekwa rehani, na jirani mzee hunyoshewa kidole. Kauli hiyo ni ya hatari. Kipimo cha umeme wa ubongo chaweza kuwa safi kabisa kwa mtu mwenye kifafa, kwa kuwa amepimwa siku ambayo hakuanguka. Moyo unaovurugika mara moja kwa mwezi hautajionyesha katika kipimo cha nusu dakika. Kipimo kutoonyesha kitu maana yake ni kwamba uchunguzi uendelee.

Wajibu wa kulieleza hilo ni wa wataalamu kwanza. Tabibu anayesema "huna kitu" na kumfungia mgonjwa mlango amempa mpiga ramli kazi. Heri aseme: "Bado hatujaona chanzo, akianguka tena, aliyeona aje naye, na urudi tarehe fulani." Kila zahanati yapaswa kuwa na kipimo cha sukari, kipimo cha presha, akiba ya dawa ya kifafa, na daftari la kuandika maelezo ya shahidi, ili mgonjwa afikapo hospitali ya rufaa asianze upya. Hospitali ya wilaya yapaswa kuwa na mashine ya kupima moyo inayofanya kazi, na mtu anayejua kuisoma. Halmashauri zinapopanga bajeti zijiulize ni zahanati ngapi zinatimiza hayo.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na maradhi. Taifa lililoweza hilo haliwezi kushindwa kufundisha mambo machache: kwamba anayetetemeka aondolewe penye moto na maji, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni wala asikandamizwe, kwamba vifafa vikizidi dakika tano au vikifululiza, apelekwe hospitali mara moja, kwamba mate yake hayaambukizi, na kwamba asiyejua chanzo cha kuanguka kwake asiendeshe pikipiki, asipande mti, wala asioge mtoni peke yake mpaka atakapopata jibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Anayeficha kuanguka kwa mwanawe kwa kuogopa kwamba hataolewa, au kwamba atafukuzwa shule, anamwachia moto wa jikoni aamue. Viongozi wa vijiji, walimu na wachungaji wa Rungwe walitaje jambo hili katika mikutano yao, na mara nyingine mtu atakapoanguka sokoni Tukuyu, yule aliyeona tangu mwanzo afuatane naye hadi kwa tabibu.