Taa Iliyozimika Haijapona



Wasomaji wetu watukufu, majira ya baridi yaliyopita gari letu kuukuu lilitutia mashakani. Hapa Hallunda, kila ikija wiki ya ukungu na theluji majimaji, taa ya injini iliwaka. Zikifuata siku kavu, ilizimika. Tulipokwenda Fittja kusali Ijumaa tukiwa hatuioni, tulimshukuru Mola kwamba maradhi yamekwisha. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Yafaa ifahamike kwamba kompyuta ya gari huizima taa baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu. Hata hivyo, alama ya hitilafu hubaki katika kumbukumbu yake mpaka injini ipate moto mara 40 bila kosa lile kurudi. Basi taa kuzimika si dalili ya kupona.

Kosa la pili lilikuwa kukisia. Tuliambiwa kwamba taa hiyo daima ni sensa ya bomba la moshi. Tukanunua sensa, tukaifunga. Theluji ikaanguka, taa ikarudi. Ndipo tukamwendea fundi. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, mahali ambapo magari mapya ya petroli ya Ulaya yanayo tundu la kusomea tangu mwaka 2001, na ya dizeli tangu 2004. Kikaandika P0303, yaani silinda ya tatu haichomi sawasawa.

Fundi hakukimbilia kununua kitu. Alihamisha koili ya silinda ya tatu akaitia ya kwanza, na ya kwanza akaitia ya tatu. Mvua iliponyesha, kifaa kikaandika P0301. Ugonjwa ulikuwa umeifuata koili! Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaopitisha unyevu. Lau ugonjwa ungebaki silinda ya tatu, tungetafuta kwingine: plagi, waya, au viungio vyake vinavyoliwa na chumvi ya barabarani.

Basi twanasihi haya. Taa ikiwaka, andikeni tarehe, hali ya hewa, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Someni alama kabla ya kuifuta au kuchomoa betri. Kumbukeni kwamba alama hutaja lalamiko, haimtaji mkosa: P0171 husema petroli ni haba kuliko hewa, na huenda sababu ni mpira wa hewa uliopasuka kwa baridi, wala si sensa. Taa ikimetameta, punguzeni mwendo na msimame penye usalama. Petroli isiyoungua yaweza kuyaunguza masega ya bomba la moshi.

La mwisho ni zito zaidi. Tulishauriwa tuifute kumbukumbu siku moja kabla ya ukaguzi, yaani besiktning. Wengine hufanya hivyo kabla ya kumuuzia ndugu yao gari. Hiyo ni ghushi, na dini yetu imeikataza. Mnunuzi atawapakia watoto wake usiku wa baridi kwenye barabara ya E4, akiamini dashibodi isiyo na taa. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Tusimfichie mwenzetu maradhi yatakayomuumbua yeye na wanawe.

Wabillahi tawfiq.